Kucha za Mkono wa Kulia

Mume wangu alikuwa na kucha ndefu mkono wa kulia tu, na miaka yote aliyokuwa karani wa kiwanda cha mbao hakuna aliyemsumbua. Kila Jumamosi alizisugua kwa msasa laini, kwa makini kuliko nilivyosuka nywele zangu. Kwa kucha hizo alipiga kwenye gitaa muziki wa luti, chombo cha Wazungu wa enzi ya Baroki, miaka mia tatu na zaidi iliyopita, jamaa ya udi wa taarabu, chenye tumbo kama nusu boga na nyuzi nyingi mno. Gitaa lina sita. Ilimbidi alegeze uzi mnene kabisa, sauti nyingine za chini azipandishe, nyingine aziache, na bado wimbo ukatoka mzima. Mimi ninayejua kuimba sauti ya pili kwayani tu, nilibaki mdomo wazi.

Kisha serikali ikaanza kuuza viwanda, chetu kikapunguza watu, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Tukabaki na shamba la kabichi na karoti la mama yangu, kule Magamba. Mwezi mzima alishika jembe kama anashika yai. Mama, ambaye hajui kumung'unya maneno, akamwuliza mbele ya vibarua, "Mkwe wangu, hizo kucha ni za kulimia au za bibi harusi?"

Wote wakacheka. Mimi sikuweza, maana nilijua anachokiogopa: bila kucha, hana muziki.

Asubuhi moja nikamkuta mlangoni na wembe, anazikata moja baada ya nyingine.

"Karoti hazinisubiri," alisema.

Nililia, na sioni haya kusema. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu asubuhi ile.

Jioni akajaribu gitaa. Sauti ikatoka butu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Akalitundika ukutani, nami nikajua ndiyo basi. Lakini wiki iliyofuata akalishusha, akaanza upya, polepole, akitafuta namna ya kusukuma uzi kwa ncha za vidole zilizoota sugu. Majirani walikuwa wamenunua redio kubwa za kaseti zilizojaa madukani siku hizo; yeye akaendelea chini ya kelele zote hizo. Masika yakapita. Siku moja nikagundua sauti si butu tena. Ilikuwa laini, imejaa, na zile za chini zilichelewa kupotea. Jamani, mtu huyu!

Mwalimu mstaafu wa kwaya, aliyempa nakala za muziki ule tangu zamani, akaja kututembelea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia sikio likiwa kwenye gitaa. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Wapiga luti wengi walipiga hivi hivi," akasema. "Kwa nyama ya kidole, kucha fupi."

Heshima tu ndiyo iliyonizuia kumrushia mwiko. "Mwalimu, mbona hukumwambia miaka yote hii?"

"Alizipenda mno kucha zake, mwanangu."

Alipoondoka, mume wangu akauanza tena wimbo uleule. Zamani ulifika hadi barabarani, wapita njia wakasimama. Sasa kutoka jikoni nilipata vipande tu. Nikaepua maharage kabla hayajaiva, nikaenda kukaa karibu naye.