Sweta Iliyomkwama Mama Mkwe Kichwani

Wacheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji yangu Simiyu, maana huyo lazima aongeze chumvi: mimi ndiye yule mwanaume aliyejificha kwa miwa huko Kabuchai, akipiga kelele, huku mama mkwe wake akizunguka uwanjani kichwa kikiwa ndani ya sweta.

Mimi hufuma. Nina duka la mbegu hapa Kitale, na msimu wa kupanda ukiisha wateja hupotea, baridi ndiyo hubaki, sasa badala ya kukaa nikiangalia barabara nikajifunza kufuma kupitia simu (cheka, ukimaliza niambie niendelee). Nikamfumia mama mkwe sweta ya samawati. Kumpima ningempimaje, na si mnajua kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe, hata mkono hampi? Nikampima mke wangu Nekesa badala yake, na shingo nikaifunga mbiombio asubuhi ya safari ya kwenda kwake Kabuchai, nikikaza uzi kama mtu anayefunga gunia.

Tulipofika tulikuta akina mama wa kanisa wamejaa nyumbani kwake. Nekesa akapeleka sweta ndani, mimi nikaketi nje na wanaume. Simiyu akauliza imetoka wapi. Sasa huyu Simiyu ndiye husema kufuma ni kazi ya wanawake, na heshima katika boma lile nilikuwa nimeitafuta miaka mingi, kwa hivyo nikasema, "Nimenunua Kitale." Hivyo tu, bana.

Mara nikasikia mayowe. Mama mkwe akatoka mlangoni mikono juu, kichwa kimeingia ndani ya sweta kikakataa kutokea, haoni chochote, na anakuja moja kwa moja kwangu! Kumshika siwezi. Nikarudi nyuma, naye anakuja, nikarudi tena, mpaka nikajikuta ndani ya miwa.

"Nakosa pumzi," alisema, na hapo niliogopa kweli. Nekesa akamfikia na makasi, akalenga kifua cha sweta.

"Usikate hapo!" nikapiga kelele. "Nyuma ya shingo, upande wa kushoto, kuna fundo! Kata hilo, halafu uvute uzi!"

Akakata, akavuta, shingo ikafunguka, mama akatokea akihema, kitambaa cha kichwa kimepinda. Simiyu akanigeukia.

"Shemeji, si ulisema umenunua? Umejuaje fundo liko wapi?"

Nikatoka kwa miwa nikijipangusa. "Nimelifunga mimi. Sweta yote nimefuma mimi."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwa benchi. Masikio yaliniwaka kwa aibu, na aibu ikageuka hasira. Kumbe mama mkwe alikuwa anawasikiliza. Akanipa mgongo, kama desturi inavyotaka, akamwambia Nekesa kwa sauti ya kufika barabarani:

"Mwambie mkwe aketi hapo arekebishe hiyo shingo, kesho naenda nayo kanisa. Na hawa ndugu zako wanacheka, waulize, wao wamenivisha nini?"

Simiyu akasogea kwa benchi kunipa nafasi. Mimi nikatoa sindano kwa begi, nikaketi katikati ya wale wanaume, nikafuma mpaka shingo ikaisha.

Tangu siku hiyo sifungi shingo kwa haraka, na sisemi tena kwamba nimenunua. Ukiniuliza sweta imetoka wapi, nitakuonyesha mikono yangu yote miwili.