Blanketi la Mlinzi Bora

Mwezi uliopita nilishuka Nyashimo kungoja gari la Bariadi, nikanunua michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, vimechemshwa na karanga. Kutafuna kimoja tu, nikafunga mfuko. Ladha ile ni ya jikoni kwa bibi yangu, na jikoni kwa bibi yupo kaka yangu, na kaka yangu huwa sithubutu kumkumbuka mbele za watu. Basi acha nikusimulie wewe, rafiki yangu.

Tuliishi watatu nyuma ya chuo cha ualimu: bibi, kaka aliyekuwa anasoma palepale, na mimi mwenye miaka kumi. Enzi zenyewe ni zile za ruksa. Magari ya ushirika yalikuwa yametoweka, pamba inanunuliwa na yeyote mwenye mizani, na mnadani mitumba imerundikwa kama mashudu. Sisi watoto tulifurahia sabuni za kunukia, hatukujua kingine.

Kila mwaka pamba ikishavunwa, chuo chetu kilicheza mpira wa kikapu na chuo cha jirani. Uwanja ulikuwa wa udongo, na sisi wasichana tuliusiliba kwa mavi ya ng'ombe na maji, vilevile tulivyosiliba nyumba. Ukikauka, mpira ulidunda vizuri ajabu! Mwisho wa mechi ilitolewa tuzo moja tu, tena si ya mfungaji. Lilikuwa blanketi la mlinzi bora. Kamati haikuwapo. Mfungaji mkuu wa timu iliyoshindwa ndiye aliyelichukua, akamwendea mtu aliyemzuia, akamfunika mabegani na kumshika mkono, na kina mama wakapiga vigelegele. "Aliyezuiwa ndiye anayejua," kaka alizoea kusema. Mwaka wake wa kwanza alifunikwa yeye, na blanketi akampa bibi.

Mwaka wake wa mwisho alianza kukohoa. Akakonda, suruali ikawa inashikiliwa na kamba. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Walisema tu kakanyaga waya, kama walivyomsema kila aliyekonda miaka ile. Wenzake wakaacha kukaa naye benchi moja. Asubuhi moja jirani alikuja uani, akasalimia vizuri, "Mwangaluka," kisha akamnong'oneza bibi, "Mayu, huyu binti asimkaribie kaka yake. Watakwisha wote." Bibi alikwenda kukaa karibu na kaka, akala naye ugali na mlenda sahani moja, jirani akiangalia. Lakini mimi maneno yale niliyasikia, na yakaniingia.

Kaka alilitaka blanketi lile kuliko cheti. Aliniambia wazi, "Mfungaji wao akinishika mkono mbele ya watu wote, maneno yatakwisha. Utaona."

Na alicheza, jamani! Mfungaji wao alikuwa jitu refu, lakini kaka alimganda kama kupe, kila akigeuka anamkuta. Alikohoa, akainama, akashika magoti, akarudi. Yule bwana kipindi cha pili chote alifunga mara mbili tu. Tukashinda. Blanketi mwaka huo lilitolewa na mnunuzi mmoja wa pamba, jepesi hata mwanga unapita. Jitu lile likalichukua, likaja moja kwa moja kwa kaka. Alipobakiza hatua mbili akasimama. Akaliweka blanketi chini, akapiga makofi mara tatu, akarudi kwa wenzake.

Kigelegele hakikusikika hata kimoja. Kaka alitazama watu, akanitafuta hadi akaniona. "Mdogo wangu," akasema, "njoo unifunike wewe."

Mimi, damu yake. Nilisogea nyuma, nikajificha kwenye kanga ya mwanamke nisiyemjua. Aliona. Aliinama mwenyewe, akalikung'uta vumbi, akajifunika, akacheka kidogo hadi kikohozi kikamkata.

Mwaka uliofuata walimu walimchagua mlinzi bora kwa kupiga kura ofisini, wakampa kikombe cha bati. Desturi ya kufunikana haikurudi tena. Watu wa kwetu hupenda kulaumu soko huria kwa kila kilichokufa miaka ile, na mengine ni kweli. Hii tuliiua wenyewe, na mimi nilikuwemo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezeeka na bado nakaa naye.

Kaka alikufa kabla ya mvua za kupandia. Siku zote zile za mwisho hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa akiniomba maji ya kunywa, na kabla sijafika kitandani anawahi kusema, kwa upole kabisa, "Weka hapo chini, mdogo wangu. Nitachukua mwenyewe."