Naipanoi na Mchakamchaka wa Oldeani

Mwaka 1977 tulipelekwa wasichana wawili kufundisha shule moja ya msingi kule Oldeani, mimi Lusia na mwenzangu Naipanoi. Tulikuwa walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Tumemaliza darasa la saba, asubuhi tunafundisha, mchana tunasomeshwa ualimu, na baada ya miaka mitatu tufanye mtihani wa Daraja la C. Mimi nilitoka Endabash, kwa Wairaqw. Yeye alitoka Endulen, kwa wafugaji. Tulipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili.

Mwanzoni yeye ndiye aliyekuwa akinivuta. Hesabu za sehemu zilizonitoa mimi jasho, yeye alizifanya huku anamenya viazi. Akicheka, unamsikia mpaka kwenye mashamba ya kahawa.

Kisha vita vya Kagera vikaja, na kaka yake Moringe alikuwa jeshini. Aprili 1979 ikafika barua kwamba amefia vitani. Naipanoi aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kufundisha darasa la tatu.

Hakulia mbele ya mtu. Ila aliacha kucheka, kisha akaacha kula. Aliwaita watoto kwa majina yasiyo yao. Nilimwona akisoma ukurasa mmoja mara nne na mwisho asijue umesema nini. Mkufunzi wetu wa ualimu alipotuletea jaribio mwezi wa Juni, Naipanoi aliandika jina lake na tarehe, basi.

"Ukirudia hivi, binti, ualimu usahau," mkufunzi akamwambia.

Jioni ile aliniambia, "Lusia, kichwa changu kimekuwa kama boma lililohamwa. Naingia, nazunguka, simkuti mtu."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na yeye ishirini.

Julai mwalimu aliyekuwa akiongoza mchakamchaka, zile mbio za nyimbo za watoto kila asubuhi, akahamishwa. Oldeani mwezi wa Julai ni baridi ya kukata masikio, na ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka humwoni aliye mbele yako. Hakuna mwalimu aliyeitaka kazi hiyo. Mwalimu Mkuu wetu, Mzee Marijani, mtu wa Kondoa, akamwita Naipanoi.

"Kuanzia Jumatatu mchakamchaka ni wako."

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Mimi ni mgonjwa."

"Marahaba. Unaumwa wapi?"

Naipanoi akajigusa kichwani.

"Kimbia nao mpaka njia panda ya shamba la kahawa. Ukishindwa, tembea. Lakini watoto wasiende peke yao."

Nilimkasirikia sana yule mzee. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alijua anamtibu. Akacheka. "Kutibu wapi, mwanangu! Magoti yangu yalikuwa yananiuma, nilitaka mtu wa kukimbiza watoto tu."

Siku ya kwanza Naipanoi alitembea, hata watoto wa darasa la pili wakampita. Alirudi midomo imekauka, akaketi kitandani akisema hatakwenda tena. Kesho yake akaenda, kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha kujipanga mlangoni. Wiki ya tatu alifika njia panda bila kusimama. Wiki ya tano nikasikia, kutoka mbali kwenye ukungu, sauti yake ikiuliza, "Nani amelala?" na watoto mia mbili wakijibu, "Hakuna!" Nilikuwa nafua. Niliiacha kanga kwenye beseni nikasimama kusikiliza.

Asubuhi moja, jasho halijamkauka, alipita darasani kwangu akakuta hesabu iliyonishinda ubaoni. Akachukua chaki akaimaliza. Kisha akageuka kunitazama, ameshangaa kuliko mimi.

Tangu siku hiyo akaanza kujichunguza. Alichora jedwali kwenye daftari: siku aliyokimbia aliweka mstari, siku ambayo hakukimbia aliweka duara. Pembeni aliandika hali ya kichwa chake kwa neno moja: wazi, ukungu, au giza. Baada ya miezi miwili akanionyesha.

"Tazama. Penye mstari, wazi, wazi, ukungu, wazi. Penye duara, giza, giza."

"Hizo za duara ni siku za mvua," nikamwambia. "Pengine mvua ndiyo inayokutia huzuni."

Akafikiri. "Basi nitakimbia kwenye mvua, tuone."

Akakimbia kweli. Alirudi tope limemfika magotini, akala sahani mbili za makande, akafungua kitabu. Nilimchungulia akiandika: wazi.

Likizo ya Desemba alikwenda kwao Endulen, akaendelea kukimbia kila asubuhi. Wazee walimsimamisha njiani kumuuliza ng'ombe gani amepotea. Mama yake, Nosim, alidhani binti amerogwa. Lakini akaona binti anakula, analala, tena siku moja, wakikamua, binti akamzungumzia kaka yake. Hakumtaja kwa jina, maana kwao marehemu hatajwi jina. Alisimulia tu jinsi kaka huyo alivyowahi kuanguka kwenye dimbwi akimfukuza ndama. Mama na mwana wakacheka, kisha wakalia pamoja. Kilikuwa kilio cha kwanza cha Naipanoi tangu barua ile.

"Nilidhani nikianza kulia sitaweza kuacha," aliniambia aliporudi. "Kumbe kilio kina mwisho, kama mlima tu. Unapanda unahema, halafu unashuka."

Mwaka 1980 tulibadili utaratibu. Zamani tulisoma jioni kwa taa ya koroboi, tunasinzia. Sasa tulisoma mara tu baada ya mchakamchaka, wakati watoto wanafagia uwanja. Nilianza kukimbia naye, mimi niliyekuwa mvivu wa kutupwa, na hasira zangu za asubuhi, ambazo watoto walizijua vizuri, zikapungua.

Novemba tukaenda Karatu mjini kwa mtihani. Asubuhi tulifanya somo la elimu. Mchana ulikuwa wa hesabu. Katikati ya hapo watahiniwa wote waliinamia madaftari chini ya paa, wanakariri. Ndipo akapita mwanajeshi barabarani anakwenda dukani, kijana mrefu, anatembea kwa kuyumba kidogo kushoto, kama, aliniambia baadaye, alivyotembea kaka yake. Naipanoi alishika mkono wangu, vidole vya baridi.

"Lusia, kimehamwa tena. Hata kanuni moja siikumbuki."

Nilimfungulia daftari. Akalifunga. Akavua katambuga zake za tairi, akakaza kanga juu ya gauni, akaanza kukimbia kuzunguka uwanja.

Watu walicheka! Mmoja akasema mtihani umemfanya arukwe na akili. Msimamizi akatoka nje. "Wewe binti, unafanya nini?"

"Nafungua kichwa, mwalimu!" akajibu bila kusimama.

Mimi nikaona, ya nini kumwacha achekwe peke yake? Nikavua viatu. Mzunguko wa pili tulikuwa wanne, maana wawili walitufuata, sijui kwa utani au kwa woga wa hesabu. Mzunguko wa tano Naipanoi akasimama, anahema, jasho na machozi vimechanganyika usoni, akaniambia, "Haya. Twende."

Kwenye chumba cha mtihani kalamu yake haikupumzika. Nilisikia akiomba karatasi ya nyongeza, na msimamizi yuleyule akamletea.

Matokeo yalifika Februari 1981. Mzee Marijani alituita mbele ya mstari wa wanafunzi, akavaa miwani, akasoma polepole ili atutese. Lusia, amefaulu. Naipanoi, amefaulu, na katika hesabu ni wa kwanza kituo kizima cha Karatu.

Watoto hawakungoja ruhusa. Walivunja mistari, wakamzunguka, wakamwinua juu, wakatoka naye langoni wakiimba jina lake mpaka wachuma kahawa wakaacha vikapu na kuja kutazama. Nilimsikia akicheka. Kicheko kilekile, kikubwa.

Sisemi huzuni iliisha. Aliniambia kuwa kila Aprili humrudia, na zipo siku hata akimbie, ukungu unabaki. Lakini alijua sasa kwamba unapita, na alijua la kufanya wakati anaungoja upite.

Mwaka 1984 alihamishiwa Endulen. Wasichana watatu walioshindwa mtihani wa ualimu walimfuata wakaomba awafundishe. Aliwapokea kwa sharti moja: kabla ya kitabu, kilima. Wawili walifaulu mwaka uliofuata. Wa tatu, Nareyu, alikataa kurudia mtihani akaenda kusomea uuguzi, na barua yake ya kwanza kutoka chuoni ilisema amekwisha kupata wenzake sita wa kukimbia nao alfajiri.