Herufi Mbili Kwenye Faksi

Warigia hakumwamini mtu yeyote aliyefunga tai kabla ya saa nne asubuhi. Na mwaka huo wa 1999 walimjia wawili kwa mpigo, wote na mikoba, wote wakizitamani skrini zake za kijani.

Zake? Haya, zilikuwa za chama cha ushirika cha kahawa, pale Nyeri mjini. Lakini nani angebishana naye? Tangu 1985 yeye ndiye aliyekaa mbele ya kile kioo cheusi chenye herufi za kijani, akijua kitufe gani kinafungua sajili ya wanachama na kipi kinaifunga. Sasa meneja, Bwana Theuri, alikuwa ametoka semina Nairobi na moto mpya: sajili iwekwe kwenye intaneti, ili makarani wa viwanda vya Othaya na Giakanja waifungue huko huko.

"Tutachagua programu moja kati ya mbili," Theuri alimwambia. "Mama Nduta, wewe utawaonyesha kazi."

"Nitawaonyesha," alijibu, na moyoni akaongeza: labda nikiwa mjinga. Alishaona karani wa ofisi jirani akiletewa mashine mpya Jumatatu na keki ya kwaheri Ijumaa. Yeye mumewe alikuwa kaburini na binti yake Nduta kidato cha tatu. Keki ya nini?

Wa kwanza alikuwa Mutahi, viatu vinang'aa mpaka unajiona. Programu yake ilisoma skrini ya kijani kutoka nje na kuichora upya kama ukurasa wa intaneti, wenye picha za kubonyeza. Wiki moja kazi imekwisha, na hakuuliza mtu kitu. Wa pili, Kathurima, alikuwa Mmeru mpole mwenye daftari. Yake ilianzia ndani ya sajili, nafasi moja moja ya kuandikia, na ingechukua miezi mitatu, kwa sababu kila nafasi lazima ajue ni ya nini. Alivuta kiti akakaa ubavuni mwa Warigia siku tisa.

"Hii huandikwa na nani, mama? Na hii kwa nini iko hapa?"

Huyu ananinyonya akili, Warigia aliwaza. Akishiba ananitema. Basi akampa majibu nusu nusu, akafungia faili zake kwenye droo, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso. Siku ya nne Kathurima akafika kwenye nafasi ya namba ya faksi.

"Mama, wakulima wa huku wako na faksi?"

"Wengine."

"Na hii G2 ni namba ya faksi kweli?"

"Waliandika vibaya."

Kathurima alimtazama, akaandika kitu, hakuuliza tena.

Alikuwa amedanganya, na alijua. Huku kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake, baba ya baba. Mzee akiwa na wake wawili, kila nyumba, yaani kila mke, inapata mtoto wa jina hilo. Ndiyo maana Giakanja palikuwa na Nderitu Wambugu wawili, baba mmoja, shamba kwa shamba, na mashine haikuwa na mahali pa kuwatenganisha. Mwaka wa 1986 Warigia aliona nafasi ya faksi inakaa bure, akaandika humo G1, Giakanja nyumba ya kwanza, na G2, nyumba ya pili. Akafanya hivyo kwa kila kijiji. Mwanzoni hakusema kwa sababu ya haraka. Baadaye hakusema kwa sababu aligundua kwamba ugomvi wowote wa majina ulikuwa haumaliziki bila kuitwa yeye.

Siku ya majaribio kamati nzima ilikuja. Mutahi alibonyeza, rangi zikatokea, wazee wakapiga makofi.

"Na tumewasafishia," Mutahi alisema. "Faksi tumeitoa, haikuwa na maana. Majina yaliyojirudia tumeyaunganisha."

Warigia alijua kwamba watu wawili wamefanywa mmoja. Acha huyu ashinde, alijiambia. Ikiharibika, wataniita mimi.

Hapo akaingia mzee Nderitu wa Giakanja, kofia mkononi, kuomba miche yake ya kahawa. Kadi yake ya uanachama iliungua pamoja na jiko lake, kwa hiyo ilibidi atafutwe kwa jina. Theuri akafurahi: nafasi ya kuonyesha mashine mpya!

"Mzee, ulichukua miche Jumanne," Theuri alisoma.

"Mimi?"

"Kompyuta imesema hivyo."

Mtu mmoja wa kamati akacheka. Mzee akakunja kofia yake mara mbili. "Yaani mimi ni mwizi? Kijana, unaniita mwizi mbele ya hawa watu?"

Warigia akamgeukia Kathurima. Daftari lilikuwa magotini mwake, limefungwa. Neno moja tu na kazi ingekuwa yake papo hapo. Lakini alikuwa anamtazama Warigia tu, akingoja. Haiya! Kumbe alijua tangu siku ile!

"Si yeye aliyechukua," Warigia alisema, na sauti yake ilimwaibisha. "Ni Nderitu wa nyumba ya kwanza. Huyu ni wa nyumba ya pili. Iko kwa faksi, niliandika mwenyewe 1986."

Theuri alimkodolea macho. "Miaka kumi na tatu, Mama Nduta, na hukuambia mtu?"

"Sikuambia."

Mzee alipewa miche yake na kuombwa msamaha. Kathurima alipewa kazi. Alipofungua daftari mbele ya Warigia, ukurasa wa siku ya nne ulikuwa na mstari mmoja: Faksi ni nyumba. Aseme mwenyewe. Chini yake palikuwa patupu, na alimpa kalamu.

Warigia aliandika Giakanja yote, kisha Othaya, kijiji kwa kijiji. Ijumaa, watu wawili wenye jina moja wakaanza kubishana dirishani. Karani wa dirishani alisoma faksi kwenye skrini, akatazama daftari, akamaliza ugomvi palepale bila kuinua kichwa. Warigia alikuwa ameshasimama kutoka kitini, tayari kuitwa.