Mbuzi wa Mama Nafula

Harufu ya simsim ikikaangwa hunirudisha Busia, upande wa Uganda, kwenye ua wa shangazi yangu, katikati ya miaka ya sitini. Nilikuwa nimetoka kwetu Mukuju kuja kukaa naye, kwa kuwa yeye hakujaliwa mtoto. Nyumbani tulisema Kidhopadhola. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza.

Rafiki mkubwa wa shangazi alikuwa jirani yetu Mama Nafula, Msamia aliyezaliwa ng'ambo, upande wa Kenya. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo urafiki wao wote ulikuwa wa Kiswahili. Shangazi alikisema mbio mbio, bila kujali ngeli. Mama Nafula alikipanga taratibu, kama anayekunja nguo.

Siku moja shangazi alianika simsim kwenye mkeka uani, akaenda kisimani. Mimi nilikaa kivulini nikimtazama mbuzi wa Mama Nafula, ambaye nilimpenda kwa ndevu zake. Shangazi aliporudi alikuta mkeka umevurugika na simsim imebaki kiganja kimoja tu.

“Mbuzi yako imemaliza simsim yangu,” alimwambia jirani.

“Usimsingizie mbuzi wangu, dada.”

“Basi nani imekula? Mimi?”

Neno hilo la Mama Nafula, kusingizia, sikuwa nimelisikia kamwe. Lakini usingizi niliujua vizuri, nikaona maneno haya mawili ni ya ukoo mmoja. Nikaelewa kwamba shangazi analaumiwa kwa kumlaza usingizi mbuzi wa watu, na hilo halikuwa kweli. Waliendelea kujibizana, sauti zikapanda, mpaka Mama Nafula akasema ni heri kwamba anahama. Niliogopa sana. Nikaingia katikati yao.

“Shangazi hakumsingizia,” nilisema. “Mbuzi alisinzia mwenyewe.”

Wote wawili wakanigeukia.

“Alisinzia wapi, mwanangu?” Mama Nafula aliuliza.

“Pale kwenye nguzo, na kamba yake. Hata kuku walipokuja kula simsim hakuamka.”

“Kuku ya nani?” shangazi akauliza polepole.

“Wetu.”

“Na wewe hukufukuza?”

“Nilidhani umewaandalia.”

Mama Nafula ndiye aliyeanza kucheka, akajishika kiuno. Shangazi alijaribu kununa, akashindwa, mwishowe wakakaa chini wote wawili kwenye ule mkeka, wakifuta machozi kwa kanga. Jioni tulikula pamoja. Mama Nafula akanieleza maana ya kusingizia, nami sikumwamini hata kidogo. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja aliniambia kwamba neno hilo na usingizi hayahusiani. Sidhani kama naye alikuwa na hakika.

Wiki iliyofuata Mama Nafula alihamia kweli upande wa Kenya, ambako mumewe alikuwa amepata kiwanja. Haikuwa mbali. Shangazi alivuka kwenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa, akarudi anacheka peke yake njiani.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshaachana na majirani wangu mwenyewe, ndipo nilipokumbuka kwamba shangazi alipata habari ya kuhama kwa Mama Nafula asubuhi ile ile ya simsim. Alirudi kutoka kwake, akafagia ua mara mbili. Kumwambia rafiki yake asiende kulimshinda. Kugombana naye kulikuwa rahisi zaidi.