Jiwe la Mbwa wa Burma

Juzi hapa Kisumu nilipita kwa Singasinga mmoja anayechonga mawe ya makaburi, nikaona jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Alikuwa anamalizia jiwe la mbwa. Mbwa wa jeshi, aliyerudi salama kutoka vita vya Burma akafa kwa uzee. Afisa wake Mzungu alisimama kando, kofia mkononi, akipapasa herufi za jina la mbwa huyo kwa kidole.

Akaingia mama mmoja wa Asembo, kikapu cha samaki kichwani. Akauliza jiwe ni la nani. Alipoambiwa, akakitua kikapu.

"Hiyo mbwa, mtoto wangu ndiye alikuwa anailisha huko Burma," akasema. "Bwana, jiwe yake iko wapi?"

"Mama, mwili wake haukupatikana," afisa akajibu kwa upole. "Tungeweka jiwe juu ya nini?"

"Mimi nilizika yago."

Afisa hakuelewa. Sisi Wajaluo, mtu wetu akipotelea mbali, tunachuma yago, lile tunda refu la mwegea, tukalizika nyumbani badala ya mwili.

"Mbwa haina makosa," mama akaendelea, akamgeukia Singasinga. "Fundi, andika basi jina ya mtoto wangu hapo chini yake."

Afisa akatikisa kichwa. "Nafasi hakuna, Mama."

Jiwe hilo nililiona kwa macho yangu. Chini ya jina la mbwa palikuwa patupu, pangetosha majina ya kikosi kizima.