Kitambaa Chekundu cha Gobore

Chediel alikuwa na gobore, na gobore hilo lilikuwa na ugonjwa yalio nao magobore yote ya kushindiliwa kwa mdomo: ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama lina risasi au halina. Bunduki ya wenye nazo unaikunja, unachungulia, unajua. Gobore linaegemea ukuta tu, limeshiba au lina njaa, sura ni ile ile.

Alilinunua miaka ishirini na miwili iliyopita, kibali kikiwa mfukoni na mkewe Febronia akiwa ubavuni, kutoka kwa mwindaji mstaafu wa upande wa Misigiri aliyeitwa Urbano. Hawakuwa watu wa bunduki ya dukani. Walikuwa watu wa mbuzi watatu, na mbuzi watatu ndiyo iliyokuwa bei ya gobore. Urbano aliwatolea mawili wachague. Moja liling'aa, kitako kimepakwa mafuta na kupigwa misumari ya shaba, na Chediel akalipenda papo hapo. La pili lilikuwa zito, jeusi, kitako kimefungwa waya. Chediel akajitia ujuzi. Akaingiza fimbo mpaka chini kuhakikisha ni matupu, akapuliza kwenye mtutu, akasikiliza pumzi ikitokea kwenye kitundu cha fataki. Febronia hakujitia chochote. Alipitisha ukucha taratibu juu ya mtutu wa lile linalong'aa, mpaka ukucha ukakwama.

"Baba Evodia, hebu gusa hapa. Huyu bwana harusi ana kovu."

Ulikuwa ufa uliochomelewa na kupigwa msasa. Lingewapasukia usoni. Urbano akakohoa, akageukia kuwasifia mbuzi wao. Wakaondoka na lile jeusi, na njia nzima Febronia akawa anamcheka mumewe kwa kupenda misumari.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kwenye kitongoji, nje kidogo ya Iguguno, pale shamba la mtama linapogusa majabali. Kwenye majabali kulikuwa na nyani, na nyani hawana kibali wala aibu. Kazi ya gobore ilikuwa kuwatisha tu. Kishindo kimoja hewani, wanakaa siku tatu bila kushuka. Lakini mwaka wa kwanza tu Chediel alisahau, akashindilia juu ya shehena ya baruti na goroli iliyokuwamo, na asingekuwa Febronia kumpigia kelele angekuwa marehemu au kipofu. Tangu siku hiyo Febronia akaweka sheria. Alichana kitambaa chekundu, na kila mumewe alipomaliza kushindilia, alimuuliza kutoka jikoni:

"Limekula?"

"Limekula."

Hapo ndipo alipotoka na kukifunga kitambaa kwenye nyundo ya gobore. Likishapigwa, Chediel alitangaza, "Limetapika!" na mkewe akafungua. Mmoja alishindilia, mwingine alifunga, na hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake. Hata vipande vya kuzibia baruti alivichana Febronia, kutoka kwenye kanga zake zilizochakaa, akavitunza ndani ya kopo.

Febronia alifariki mwezi wa tatu, kwa kifua. Wiki ya msiba nyumba ilijaa mpaka watu wakalala barazani. Wiki iliyofuata Chediel akabaki na kuku. Alisonga ugali wa watu wawili kwa sababu mkono wake haukujua kipimo kingine, na uliobaki akawatupia kuku. Alikuwa mpweke, tena upweke wa kuuma, wa mtu anayepata habari ndogo njiani, akaharakisha kurudi kuisimulia, halafu akakumbuka mlangoni.

Binti yao Evodia alikuwa ameolewa Itigi, mumewe akifanya kazi reli. Alitaka baba ahamie kwake. Chediel alikataa, kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, ataliachia nani? Walibishana kwenye simu mpaka wakapatana: akiweza kuulinda mtama wa mwaka huu peke yake hadi mavuno, abaki. Akishindwa, Evodia anakuja kumchukua.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano nyani wakashuka, kundi zima. Chediel akalishusha gobore, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nyundo haikuwa na kitambaa; kilining'inia kwenye msumari wake ukutani. Maana yake tupu. Akamimina baruti, akalikuta kopo halina hata kipande kimoja cha kanga, akanyofoa nyuzi za gunia na kuzibia nazo, akatia goroli, akazibia tena, akashindilia.

Fimbo ikagoma juu. Siku zote gobore likishiba fimbo hutokeza vidole sita. Leo ilitokeza shibiri nzima na zaidi.

Mlikuwa na shehena nyingine chini. Alilaza gobore kwa uangalifu, akakimbilia shambani na debe na mawe. Alipiga debe, akatukana, akarusha mawe mpaka bega likauma. Nyani mkubwa alimtazama akitafuna. Nyani anajua kuhesabu: mzee mmoja ni mmoja. Walipoondoka saa sita, upande wote wa chini ya shamba ulikuwa mabua matupu.

Akarudi, akajaza maji kwenye mtutu kuiua baruti, akangoja, kisha akaanza kuchokoa kwa waya uliopinda ncha. Zikatoka nyuzi za gunia, goroli, nyuzi tena, na tope jeusi. Halafu waya ukanasa kitu laini. Akakivuta polepole. Kilikuwa kipande cha kanga, chenye ua la buluu.

Ndipo akakumbuka. Ilikuwa wiki ya mwisho ya ugonjwa. Alikuwa ameshindilia uani, akaingia ndani na gobore mkononi, na Febronia, ambaye tangu jana yake hakuwa amesema neno, akafungua macho kitandani na kuuliza, "Limekula?" Naye, kwa uchovu na woga, akamjibu vibaya: "Lala wewe. Unaumwa halafu unahangaika na bunduki!" Akalitundika. Kitambaa hakikufungwa, kwa sababu wa kufunga hakuweza kuinuka, na yeye hakuwahi kukifunga hata siku moja. Msiba mzima waombolezaji na wajukuu walilala chini ya gobore lililoshiba.

Chediel alikaa chini, akalia kwa sauti. Lilikuwa swali la mwisho aliloulizwa na mkewe, na hakulijibu.

Jioni Evodia akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Nyani wameshuka leo. Upande wa chini wote umekwenda." Alimweleza juu ya shehena mbili, na juu ya kanga. Swali la mama yake tu ndilo aliloliacha.

Chediel akangoja asikie ni lini anakuja kumchukua.

"Upande wa juu upo?"

"Upo. Kama wiki tatu hivi, tuvune."

"Na gobore, baba? Limekula?"

Aliuliza tu, kama mtu aliyekulia kwenye nyumba ile. Chediel akaligeukia gobore.

"Halijala, mama. Nimelisafisha, limekauka."

"Basi lilishe. Sikati simu."

Akaiweka simu dirishani, akapima kwanza kwa fimbo: tupu. Akashindilia bila haraka, akapima tena: vidole sita.

"Limekula," akasema.

"Haya, funga kitambaa."

Akakitoa kwenye msumari. Fundo lake likakaa upande, likafunguka, akalifunga tena. Alipogeuka kumwambia kwamba limeshika, simu ilikuwa imekwisha chaji.

Akasema hivyo hivyo, uso ukielekea chumbani: "Limekula, mama Evodia. Nimefunga."